Bado Haijawa Tayari

Sista Leokadia, taa ilizimika, ndiyo.
Niliizima mimi, kwa kitufe kimoja cha skana,
hapa Mabatini, chini ya jiwe,
ukalipa, ukaondoka unapiga honi.
Lakini kuzima taa si kupona.
Nilifuta kumbukumbu tu.
Gari lilikuwa mtu aliyezinduka kwenye nusu kaputi:
muulize jina, atalitaja;
muulize anaumwa wapi, hajui bado.

Uliporudi nikakuonyesha kioo. Mistari minane.
Mitatu: tayari.
Mitano: bado.
Si mbovu, nikasema. Bado.
Halijajipima, wala halilazimishwi.

Lilale kwanza. Usiku kucha, masaa manane,
mpaka maji ya rejeta na hewa ya nje
vifanane joto, kama ndugu wa mkeka mmoja.
Usitoke saa nne kufuata vocha kwa Ngolo
halafu uniambie lililala.
Tangi lisijae, lisikauke,
lizidi robo, lisifike robo tatu,
maana mvuke wa petroli hupimwa penye nafasi.
Alfajiri uwashe, usikanyage mafuta.
Zima feni. Dakika tatu, mikono mapajani.
Najua ni ngumu.
Mwanza nzima hukanyaga kabla haijawasha.

Kisha barabara. Mimi hutumia ya Usagara,
ukishaimaliza Buhongwa na matuta yake:
themanini, themanini, themanini,
mguu kama umefungwa plasta,
sensa ipate kusikiliza
pumzi inayoingia kwenye katalisti na ile inayotoka.
Halafu achia. Usiguse breki.
Liache lishuke lenyewe hadi thelathini.

Nililijaribu mwenyewe. Dakika ya saba
ng'ombe wa mtu wakavuka, sitini hivi,
na dume la mbele likasimama katikati ya lami
likinitazama kama trafiki anayetaka leseni.
Mtoto wa fimbo akanipungia mkono.
Basi, kipimo kikavunjika.
Injini ilikwisha kupata moto; hakuna la kufanya
ila kugeuza, kuegesha, kungoja ipoe mpaka kesho.
Nilitukana kidogo.
Pale Mkuyuni ziwa likajitokeza kati ya mawe,
tulivu, halina haraka ya kuthibitisha lolote.

Nilipokueleza hayo yote ulicheka,
nikadhani unanicheka mimi.
"Fundi Buzuka," ulisema, "hayo ni maneno yangu.
Njoo bila kula. Hata chai usinywe.
Kaa dakika tano, miguu chini, usiongee,
ndipo nikufunge mkanda wa presha.
Na watu wanakuja wameupanda mlima wa Bugando mbio,
wanahema, wanataka namba nzuri."

Halafu ukautazama mkono wangu,
kidonda hiki cha spana, cha tangu Pasaka,
kisichokubali kufunga.
Hukuuliza kitu. Ulichukua boksi tupu la plagi
ukaandika: Alhamisi, saa moja, tumbo tupu.

Alhamisi mbili zimepita.
Ya kwanza nilikunywa uji. Makusudi.
Ya pili nilisema nina gari lako mkononi.

Leo mistari saba iko tayari.
Umebaki wa mvuke, kwa sababu ulijaza tangi
mpaka shingoni pale Nata, kwa furaha ya mshahara.
Lipunguze tu. Nenda kazini, urudi,
nenda tena. Litajipima lenyewe siku usiyolifikiria.

Nami nimefunika sufuria mapema.
Boksi la plagi liko juu ya kabati, naliona.
Saa tano usiku. Kwa jirani wanachemsha chai ya maziwa,
tangawizi imevuka ukuta bila kubisha hodi.
Kesho ni Alhamisi.
Nimekaa kitandani.
Mikono mapajani.